MODIS na AERONET hazielewani siku za vumbi zito, nani mkweli?

chembechembe: Wakuu naomba msaada. Nalinganisha AOD (kipimo cha jinsi vumbi na moshi hewani vinavyozuia mwanga) ya MODIS, kifaa cha setilaiti, na ya kituo kimoja cha AERONET, mtandao wa vipimo vya ardhini, pembezoni mwa Sahara, r imetoka 0.87 nikafurahi weee, kuchora grafu sasa, siku za hewa safi setilaiti iko juu, siku za vumbi jingi iko chini. Na siku ya dhoruba yenyewe, ile niliyokuwa naisubiri, pikseli tupu. Shida ni mimi au data?

mzee_wa_pikseli: r achana nayo kwanza. Hiyo inakwambia tu vinapanda na kushuka pamoja, haikwambii nani anazidisha. Chora tofauti, yaani MODIS toa AERONET, dhidi ya AOD yenyewe. Halafu umetumia Dark Target au Deep Blue, zile njia mbili za kukokotoa AOD ya MODIS? Dark Target inataka ardhi nyeusi yenye majani, kwenye mchanga unaong'aa usiiguse. Deep Blue inatumia mwanga wa buluu, urefu wa wimbi 412 nm, huko mchanga hauakisi sana ndo vumbi linaonekana. Na AERONET kwa kawaida haipimi 550 nm kama MODIS inavyotoa, uliibadilishaje?

chembechembe: 🙈 nilichukua ya 500 hivyo hivyo

mzee_wa_pikseli: Haya. Kwa vumbi tupu umepona, Angstrom (namba inayoonyesha AOD inavyobadilika na urefu wa wimbi) inakuwa karibu na sifuri kwa hiyo tofauti ni ndogo, ila siku ya moshi ingekuumbua.

lidari254: Mi naona tatizo kubwa ni ile dhoruba. Vumbi zito kichujio cha mawingu kinalidhania wingu, kinalitupa. Na AERONET ukitumia leveli 2.0 (data iliyochujwa mawingu na kukaguliwa) inaweza kufanya kosa lile lile, kwa hiyo unabaki na siku ambazo wote wawili walikubali kutoa namba, halafu unasema umetathmini vumbi! Umetathmini vumbi la wastani. Angalia pia setilaiti ya CALIPSO, ilifanya kazi 2006 mpaka 2023, lidari yake (kipimo cha leza) inatofautisha chembe za duara na zisizo duara so vumbi na wingu la matone haichanganyi kirahisi, ila njia yake ni nyembamba kama uzi, kupita juu ya kituo chako ni bahati.

chembechembe: Nimefungua leveli 1.0 (data kabla ya kuchujwa mawingu) ya siku ile. Kumbe kituo kilipima asubuhi nzima, kwenye 1.5, iliyochujwa mawingu, yote imefutwa 😩