Watafiti hupimaje moyo wa kuchanga?

Mvuvi wa Matondoni: Asalaam aleikum. Kikundi chetu kina mfuko wa kununua mashine ya boti. Wengine hutoa, wengine hungoja. Nasikia wachumi huupima ushirikiano kwa michezo ya pesa. Vipi?

Mwalimu, Malindi: Waaleikum salaam, kaka. Kila mchezaji hupewa pesa, akaamua kwa siri atatia ngapi katika mfuko wa pamoja. Mtafiti huziongeza, kisha wote hugawana sawa, hata asiyetia. Jean Ensminger, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliupeleka kwa Waorma, jirani zetu wa Tana River. Wakauita mchezo wa harambee, wakachanga kwa ukarimu! Hilo hunifurahisha kila nikilifikiria: waliutambua mara moja, ni kama kujenga shule ya kijiji. Mwaka 2000 wachumi Fehr na Gächter walionyesha kuwa michango hushuka kadiri mchezo unavyoendelea, lakini hupanda wachezaji wakiweza kuwaadhibu wanaotegea.

Bi Mwana, Lamu: Adhabu ianze ndogo, mwanangu. Elinor Ostrom, Nobeli ya uchumi 2009, aliona vikundi vinavyodumu hufanya hivyo, na kanuni hutungwa na wenyewe.

Mvuvi wa Matondoni: Ahsante, Bi. Ijumaa nitapendekeza daftari lisomwe mbele ya wote, kabla ya faini yoyote.