Pesa za welfea ya walimu: twende Diani ama tulete kaunsela?

Mwalimu_Kisauni
Asalaam aleikum wanajamvi, na wengine hamjambo. Mimi ndo mweka hazina wa welfea shuleni kwetu, junia skuli huku Kisauni. Kila mwalimu hutoa 500 kwa mwezi na ukifungua kitabu pesa zimetoka kwa matanga, harusi na uzazi basi. Sasa muhula uliopita kuna kijana wetu, mcheshi kupita sote, akaanza kuja amenuna, mahamri hali, hasemi na mtu, siku moja akatoka katikati ya kipindi akaenda kukaa chini ya mwembe mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Na nasema ukweli, nilimpita na daftari zangu sikumuuliza kitu. Kumbe hajalala vizuri tangu Januari. Kasomea hisabati na kemia lakini afundisha mpaka kilimo, watoto 60 na kitu, joto la kaskazi chini ya mabati. Sasa yuko likizo ya ugonjwa.

Kwa kitita tuna kama elfu 40. Nusu wataka trip ya Diani, nusu wataka kaunsela aje Ijumaa azungumze na stafu. Hedi asema lolote sawa bora TPAD, zile fomu za kutathmini walimu, zijazwe kwa wakati 😅 Kwenu hufanya nini kinachosaidia kweli?

ChakiTupu
Diani nendeni hakuna ubaya, ila sisi tulienda, usiku tukirudi tuko kwa foleni ya feri mesej ya hedi hiyo kwa grupu, kesho kila mtu alete skimu ya kazi. Wallahi nilitamani kurudi ufuoni. Kilichotusaidia hakikutoa hata shilingi, tulikubaliana kwa mkutano grupu ya kazi ikifika saa 1 jioni yafungwa, iko dharura piga simu. Wiki mbili za kwanza hedi akawa asahau, nasi twamjibu kwa stika ya paka amelala. Akazoea.

BiMkubwa_Tudor
Pole mwanangu. Mimi nshastaafu, nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha miaka 11. Msije mkamtwika mwalimu wenu wa ushauri nasaha kazi hii. Wenzangu walikuwa wakinijia wakilia halafu kesho hawanitazami usoni, maana twala meza moja na twadaiana hela za chama. Na mimi nani alikuwa anisikilize? Kaunsela mtafute wa nje, na akae na mtu mmoja mmoja. Hayo ya kuhutubia ukumbi mzima ni bure, nani atanyanyua mkono mbele ya hedi aseme usingizi hauji?

pwani_damu
Kaunsela kaunsela!! Mimi nipe mshahara uone kama ntakuwa na stresi. Paslipu imebaki ile theluthi isiyokatwa tu na mikopo ya simu yanipigia kuliko mke wangu

ChakiTupu
@pwani_damu 😂😂 hapo hujakosea, lakini elfu 40 ya welfea haitalipa deni lako kaka

kimya_kingi
Huwa nasoma tu siandiki. Mwaka jana nilikuwa kama huyo kijana. Nilienda Port Reitz, hospitali yenye kitengo cha magonjwa ya akili, na najua hapa Mombasa ukitaja Port Reitz watu washakuona umevua nguo barabarani. Nilivaa kofia, kwa foleni nikamwona jirani yangu, hakusema nami sikusema, mpaka leo twasalimiana vizuri tu. Kuna ule uchovu wa kazi, WHO waliuweka kwa ICD-11, orodha yao ya maradhi, mwaka 2019 kama jambo la kikazi si maradhi, lakini wangu ulikuwa ushapita hapo, ilikuwa depresheni, nikapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye. Asiyeweza kwenda, 1199 ya Red Cross ni bure. Na kama mawazo yamefika pabaya msinyamaze kwa kuogopa polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Ila kilichonirudisha darasani ni mwenzangu mmoja aliyeshika vipindi vyangu vya Alhamisi mwezi mzima, hakuniuliza kitu wala hakutangaza.

Mwalimu_Kisauni
Shukran sana, hasa wewe @kimya_kingi. Diani tumeahirisha, walioudhika wameudhika. Tumetenga elfu 20 kwa kaunsela wa nje, anayetaka atampigia mwenyewe, na mimi kwa kitabu ntaandika kiasi tu bila jina, Bi Mkubwa nimekusikia. Ya grupu hedi bado avuta avuta.

Jana baada ya magharibi nilienda kwa yule kijana na viazi karai vya mia. Tulikaa barazani tukazungumza mpira, shule sikuitaja. Alipokuwa anisindikiza ndo akauliza, "Na 8B hisabati nani awashika?" Nikamwambia mimi. Akacheka. Asema nitawaharibia watoto.

pwani_damu
Hehe huyo yuaja huyo. Viazi vya mia vingapi siku hizi?