Mjadala: Kumbukumbu za ardhi ya Lamu ziwekwe wazi kwa kila mtu?

Mkaazi wa Langoni: Mimi nasema ziwekwe, na serikali isingoje kuombwa. Ibara ya 35 ya Katiba imetupa haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 inataka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Lakini utaombaje habari za jambo ambalo hujui kama lipo? Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hatimiliki za takriban ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa za kampuni 22. Nusu milioni! Ardhi yote hiyo iligawanywa kwenye makaratasi, na wanaoilima na kulisha ng'ombe juu yake hawakuonyeshwa hata moja.

Mama wa Hindi, Lamu: Kaka, uchungu wako naujua, ila mimi naogopa. Wengi wetu huku tunalima bila hati. Ukianika ramani na majina, atakayezisoma mwanzo ni dalali mwenye wakili. Shamba langu litajulikana Nairobi kabla sijajua kwamba linatafutwa. Sheria ya kulinda data ya 2019 haikutungwa bure.

Mvuvi, Matondoni: Kwetu siri ndiyo iliyotuumiza. Mambo ya bandari mpya ya Lamu tulikuwa tukiyasikia kwa uvumi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, Malindi, iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari hiyo, na ikasema serikali ilikuwa na wajibu wa kutupa habari za mradi. Na zikitolewa, zitolewe kwa Kiswahili, zisomwe barazani. Tovuti ya serikali ya takwimu huria, yaani zilizo wazi kwa wote, ilizinduliwa 2011; mzee anayetega madema ataifungulia wapi?

Mkaazi wa Langoni: Mama, dalali hangoji tovuti. Ana mtu wake ofisini, faili anaionyeshwa leo hii. Anayefichwa ni wewe. Hata hivyo hoja yako ina uzito, na sitaki uanikwe: jina la mkulima mdogo lisitiriwe. Kampuni, wakurugenzi wake, na kila kipande cha ardhi ya umma kilichogawiwa, hivyo viwe wazi kabla hati haijatiwa sahihi.

Mama wa Hindi: Kampuni, nakubali. Sasa niambie: tajiri akikata ekari zake vipande vipande na kuziandikisha kwa majina ya vijana wake, nani atamtenganisha na mimi?