Paka mzee mwenye ugonjwa wa figo: nimlishe nini hapa Mtwara?

Bi Mikindani

Habari zenu, ndugu zangu. Nina paka jike wa miaka 12 ambaye tangu mwishoni mwa msimu wa korosho amekuwa akikonda, kutoka kilo 4 hadi kilo 3, na kiu yake si ya kawaida: alfajiri humkuta ameinamia karai la kufulia, akilamba maji bila kuinua kichwa. Daktari alimpima damu na mkojo, akaniambia kwamba kreatinini, yaani taka ya damu ambayo figo huitoa, imepanda, figo zimechoka na hazitarudi kuwa kama zamani, ingawa chakula kinaweza kumwongezea siku. Nilipouliza chakula gani, alijibu "punguza protini", kisha akaitwa kwenye ng'ombe wa watu.

Maisha yake yote amekula dagaa wakavu wa kuchemsha, vichwa vya changu ninavyopata Feri, na kipande cha ng'onda akikililia. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, amenishauri nimwachishe samaki nimpe uji wa muhogo na maziwa. Chakula cha kopo cha paka wa figo nikiagiza kutoka Dar es Salaam sitakimudu kila mwezi. Naomba mniongoze, kwa sababu sitaki kumtesa huku nikidhani namtibu.

Kijana wa Masasi

Shikamoo mama, na pole kwa kuuguliwa. Wa kwetu alipokonda tulimpa maini ya ng'ombe kila siku, akapata nguvu na manyoya yakarudi kung'aa. Jaribu hayo kabla ya kufikiria makopo.

Daktari wa mifugo, Lindi

Bi Mikindani, pole sana. Kijana amesema alichokiona, lakini maini naomba uyaache: yana madini ya fosforasi karibu mara mbili ya mnofu, na yakiliwa kila siku vitamini A hujikusanya mwilini hadi kukakamaza mifupa ya shingo.

Kinachomwumiza zaidi paka wako ni hiyo fosforasi, ambayo figo zilizochoka zinashindwa kuitoa, nayo imejaa kwenye mifupa. Dagaa huliwa na miiba yake yote, na kichwa cha changu ni mifupa zaidi ya nyama, kwa hiyo hivyo viwili ndivyo vya kuondoa kwanza, pamoja na ng'onda kwa sababu ya chumvi. Samaki mwenyewe hajakatazwa. Mnofu wa changu uliochambuliwa miiba, au wa kuku, una takribani miligramu 200 za fosforasi kwa kila gramu 100, wakati ute mweupe wa yai una takribani 15 tu. Chemsha ute huo, uuchanganye na mnofu, na kiini waachie watoto. Mwongezee mafuta kidogo ya kuku, maana yanampa nguvu bila kuzielemea figo.

Kuhusu "punguza protini", neno hilo linahitaji tahadhari kubwa kwa paka. Ini lake haliachi kuunguza protini hata chakula kikikosa nyama, kwa hiyo paka anayepewa uji wa muhogo huanza kula misuli yake mwenyewe, na yeye tayari amepoteza kilo nzima. Muhogo pia hauna taurini, kirutubisho cha kwenye nyama na samaki ambacho paka akikikosa kwa muda mrefu moyo hutanuka na macho hupofuka, na maziwa huwaharisha paka wengi wazima, jambo ambalo litampotezea maji anayoyahitaji. Ukichemsha nyama ukamwaga maji, fosforasi hupungua lakini taurini nayo huondoka, ndiyo maana chakula cha nyumbani peke yake hakitoshi kwa miezi mingi. Mwombe daktari wako unga wa taurini, na umwulize pia kama madini ya potasiamu kwenye damu yake yameshuka. Kopo moja moja likipatikana, lichanganye na cha nyumbani.

Maji usimnyime hata siku moja kwa kuwa anakojoa sana. Mchuzi wa nyumbani usimpe, kwani vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu ya paka. Dawa za maumivu za binadamu zisimkaribie kabisa, paracetamol humuua.

Mama wa Paka, Lindi

Daktari ameeleza vizuri, nami naongeza jambo moja ambalo lilinigharimu. Dume wangu mwenye ugonjwa kama huu nilimbadilishia chakula kwa siku moja, akagoma, nami nikasema akishikwa na njaa atakula. Siku ya nne fizi zake na ngozi ya ndani ya masikio vilikuwa vya njano kama vilivyopakwa bizari. Mafuta yalikuwa yamejaa kwenye ini kwa sababu ya kukaa bila kula, na hatukumwokoa. Dada yangu, anza na kijiko kimoja cha chakula kipya ndani ya kile alichozoea, uongeze taratibu kwa wiki mbili, na ukipashe moto kidogo ili harufu imfikie. Akikataa kabisa, ni afadhali ale dagaa wake siku hiyo kuliko alale na njaa.

Bi Mikindani

Ahsanteni sana, Daktari, na wewe mama mwenzangu, pole kwa msiba huo. Jana usiku nilichambua mnofu wa changu kwa vidole hadi nikaridhika kwamba hauna mwiba, nikauchanganya na ute wa yai na dagaa wake wachache niliowatoa uti wa katikati. Alinusa, akaondoka, akarudi, akala vijiko vitatu. Karai nimelihamishia karibu na mkeka anapolala. Jumatatu nitampima uzito kwenye mizani ya duka la nafaka, na nitawaandikia.