Ndege ya rimoti kwa anayeanza: ya sentimita 50 au ya mita 1.2?

Chalii_Njiro: Wakuu habari za jioni. Shemeji anarudi kutoka Dubai wiki ijayo, nimemwagiza ndege ya rimoti ya betri. Nimebaki na mbili: ya sentimita 50, chaneli 3 (yaani unaongoza vitu vitatu), ina jairo ya kuituliza, na ya foamu mita 1.2, chaneli 4, mabawa yamekaa juu. Nichukue ipi?

Mangi_Kibosho: Bajeti? Umewahi kurusha? Utarushia wapi? Nyama hujaweka, unataka tuonje mchuzi.

Fundi_Solda: Mita 1.2. Inaonekana ikiwa mbali, na inatulia.

mama_wawili: Ndogo jamani. Ikiangukia nyasi unaiokota unarusha tena. Mwanangu kajifunzia hiyo.

Olasiti_Kwanza: Nyasi za wapi hizo dada? Mimi niliuziwa ya gramu 70. Saa moja asubuhi tamu kabisa. Siku hiyo nikarusha saa tisa alasiri, upepo ukaamka. Naigeuza irudi, pua inanitazama lakini yenyewe inakwenda kinyumenyume kwenye mahindi ya watu. Naongeza moto mpaka mwisho, wapi! Jioni watoto wakaileta bila mkia, wanadai soda. Fundi wa simu akaubandika kwa supagluu, foamu ikayeyuka pale pale.

Fundi_Solda: Supagluu inakula foamu ya polistaireni. Ya EPP, ile foamu inayonepa, haiidhuru.

Mangi_Kibosho: Halafu Arusha mko kama mita 1,400, hewa nyepesi, ndege inakosa nguvu. Njooni Moshi.

Fundi_Solda: Mkuu, mota ya umeme haivuti hewa kama injini ya mafuta. Nguvu ipo, propela ndiyo inakosa cha kukamata. Weka kubwa kidogo, pima ampea zisizidi, basi.

Mangi_Kibosho: Si ndicho nilichosema?

Fundi_Solda: Hukusema hicho.

Chalii_Njiro: Sijawahi kurusha. Nilifikiria Kisongo, kuna uwazi.

mama_wawili: Kisongo! Ulipo uwanja wa ndege? Ndege za watalii zinashuka hapo mdogo wangu. Waulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwanza. Na shemeji betri za lipo (lithiamu polima) za akiba abebe mkononi, haziruhusiwi kwenye begi la chini.

Fundi_Solda: Na chaja iwe ya balansi, inayosawazisha seli za betri. Seli isipite volti 4.2.

Mgeni27: Olasiti, hiyo isiyo na mkia bado unayo? Nataka mota tu.

Olasiti_Kwanza: Njoo PM, ila usije na bei za soko la Kilombero.