Kupiga rangi bodi ya faiba mwenyewe nyumbani: tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Aliyewahi kupiga rangi faiba uani kwake aje atiririke. Naanza na aibu yangu.

Nilinunua boneti ya faiba ya pikapu, mpya, inang'aa. Nikaipiga msasa 240 tangu asubuhi, jioni nikapuliza. Rangi ikaanza kukimbia huku naiona: vitundu vya mviringo kila mahali, vingine kama punje ya dengu, faiba inachungulia chini. Fundi wa mtaani akapita, akacheka. "Nta uliitoa?" Nta gani tena! Kumbe kalibu hupakwa nta ili bodi isigande humo, na bodi hutoka nayo. Msasa wangu ulikuwa unaisindilia kwenye mikwaruzo.

Nikasugua yote, nikaanza upya: maji ya moto na sabuni ya vyombo, kisha dawa ya kufutia grisi, kitambaa nakigeuza kila mara. Halafu mwagia maji. Yakijikusanya kama kwenye jani la mgimbi, nta bado ipo. Yakitandaa, ndipo ushike msasa.

Wa Mombasa: Nta naijua. Mimi kilichonimaliza ni mapele. Tulipiga rangi nyeusi kivulini, gari lilipolala juani siku moja tu, boneti ikafura kama mandazi. Hewa ilibaki chini ya jelikoti, ile ngozi ngumu ya juu ya faiba, ikapata joto. Sasa kabla ya praima (rangi ya kwanza ya chini) naianika mchana kutwa, kila kipele nakichokoa kwa ncha ya kisu, nashindilia pati kwa wembe, kwenda na kurudi. Usitegemee praima izibe vitundu. Inapita juu tu, ikikauka vinarudi.

Wa Arusha: Hakuna aliyetaja muwasho? Nilisugua kifua wazi, msasa mkavu. Usiku mke wangu akadhani nimeangukia upupu. Siku hizi ni mikono mirefu, barakoa, na msasa wa maji 400. Ila ukishatoboa jelikoti, nyuzi zinakunywa maji, kwa hiyo iache ikauke hasa kabla ya kupuliza.

Wa Morogoro: Samahani wakuu, nina bodi ya zamani yenye rangi tabaka tatu. Nikipaka ile dawa ya kubandua rangi ya bati, vipi?

Wa Mombasa: Usithubutu, ndugu yangu. Mimi niliijaribu kwenye madigadi, jelikoti ikalainika kama uji. Msasa tu, na mkono uchoke.

Mleta mada: Nakazia. Na klia, rangi angavu ya kumalizia, ile ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha), msiipulizie uani watoto wakiwepo. Hadna ina isosaianeti, inaharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Maandalizi yote nafanya mwenyewe, maana ndiyo kazi yenyewe na ndiyo mafundi wengi wanayoiruka. Kupuliza nampelekea mwenye vifaa.

Wa Arusha: Picha basi, mkuu.

Mleta mada: Nikitulia nitaweka. Msishangae alama ya vidole vitatu kona ya kushoto. Kuku wa jirani yake fundi alikatiza klia ikiwa bado mbichi, na mimi kurudia kusugua boneti ile, hapana.