Kocha mpya: ni uwezo au nguvu ya soda? Tupeane uzoefu, watu wa Kusini

Katibu wa Chikongola

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa timu ya mtaa hapa Mtwara mjini. Kuna jambo linaninyima usingizi na nataka kusikia kwa waliolipitia.

Mzunguko wa kwanza wa ligi ya wilaya tulikuwa mkiani. Mechi 9, pointi 5. Tukaachana na kocha wetu kwa heshima zote, maana ni mzee wetu na wengi wetu katulea yeye. Akaja kijana mwenye cheti cha awali cha ukocha, hajafika hata miaka 35. Mechi 6 alizosimamia tumeshinda 5, sare 1. Watu waliokuwa wamesusa sasa wanakuja uwanjani na viti vyao kutoka nyumbani. Mama anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, pembeni ya uwanja kaniambia siku za mechi anamaliza ungo kabla ya mapumziko.

Kamati inataka kumpa mkataba wa misimu 2, na wengine wameshaanza kutangaza mitaani kwamba msimu ujao tunapanda. Anayesita ni mimi. Si kwamba simwamini. Nimekaa uwanja wa Nangwanda Sijaona miaka yote ya timu yetu ya Ndanda kwenye Ligi Kuu, tangu msimu wa 2014/15 hadi iliposhuka 2019/20, na najua timu inaweza kupanda kwa shangwe ya mji mzima na bado ikashuka.

Naombeni visa vyenu wenyewe. Wapi kocha alikuja, timu ikanyanyuka, na ikabaki juu? Na iliposhindikana, nini kilikatika kwanza?

Winga wa Masasi

Katibu, nimecheza chini ya makocha 4 ndani ya miaka 3, hili nalijua kwa miguu yangu.

Kocha mpya akija, siku ya kwanza wote mnakuwa sawa. Aliyezoea benchi anawahi mazoezini kuliko mtunza mipira, na mwenye namba ya kudumu anaogopa kunyang'anywa. Mnakabana mazoezini mpaka mnataka kupigana. Hiyo peke yake inatosha kuleta ushindi wa mechi 3 au 4 kabla mwalimu hajafundisha kitu kipya. Baada ya wiki kadhaa kikosi cha kwanza kinajulikana, wa benchi wanaanza kuchelewa, na waliopata namba wanapunguza mwendo.

Kwetu kilichokatika kwanza ni misuli. Kocha wetu wa tatu alitukuta wazito, akaanza kutukimbiza kilimani asubuhi na jioni, siku 6 za wiki. Tulishinda mechi 4 mfululizo. Dakika ya 80 wapinzani wanatembea, sisi bado tunakimbia. Wiki ya nane mabeki wawili wakachanika misuli ya paja siku moja, na mimi goti likaanza kuvimba. Hakuna aliyesema mapema. Nani angethubutu kusema amechoka wakati timu inashinda? Tulimaliza msimu na wachezaji 13 wazima, mtaani wakasema kocha kaishiwa mbinu. Mbinu zilikuwepo, miguu ndiyo iliyoisha.

Vijana wako wanapumzika siku ngapi kwa wiki?

Katibu wa Chikongola

Moja tu, Jumatatu. Na wapo wawili walionifuata pembeni wakasema wana maumivu ya nyonga, wakaniomba nisimwambie mwalimu. Nimesoma ulichoandika mara mbili.

Mwana Ruangwa

Sisi huku tuna mfano mkubwa na watu hawautazami vizuri. Timu yetu ya Namungo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na mwaka huohuo wa kwanza, Hitimana Thierry akiwa kocha, ikamaliza nafasi ya 4 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kule Sumbawanga. Tulifungwa na Simba 2-1, lakini kwa kuwa Simba alikuwa bingwa wa ligi pia, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaja Ruangwa. Nilikuwa na baba yangu siku ile mbele ya televisheni. Tumefungwa, na mzee analia kwa furaha.

Msimu uliofuata Thierry akaondoka, akaja Hemed Morocco. Ndiye aliyetufikisha hatua ya makundi ya kombe hilo la Afrika Februari 2021, tulipoitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, mechi ya kwanza tukiwa tumewapiga 6-2. Aliyetunyanyua alikuwa mmoja na aliyetuendeleza mwingine. Uti wa mgongo wa timu ulibaki, akina Lucas Kikoti walikuwepo na kocha wa kwanza na wakawepo na wa pili.

Halafu makundi: Raja Casablanca, Pyramids, Nkana. Tulipoteza mechi zote 6. Je, Morocco alisahau kufundisha ndani ya mwezi mmoja? Hapana, tulipanda ngazi tukakuta watu wa ngazi hiyo. Hilo ndilo linalowapata makocha wengi wapya. Timu ikiboreka inaanza kukutana na watu wanaoijua na wanaoikamia, sisi tunaona matokeo yameshuka tunadhani kocha kashuka.

Mpenda soka, Mikindani

Mimi nina kibanda cha kuonyesha mpira, kwa hiyo naongelea niliyoyaona kwenye luninga na kwenye sura za wateja. Ole Gunnar Solskjær alipoichukua Manchester United Desemba 2018, alishinda mechi 8 za kwanza zote. Kibanda kilijaa mpaka nikaongeza mabenchi. Machi 2019 wakampa mkataba wa miaka 3, na kuanzia hapo ushindi ukaanza kuwa wa shida, wakamaliza nafasi ya 6. Watu wanaishia hapo na kusema nguvu ya soda. Lakini msimu wa 2020/21 alimaliza nafasi ya 2. Kisha Novemba 2021 wakafungwa 4-1 na Watford, akafukuzwa. Kwa hiyo alipanda, akashuka, akapanda tena, na ukimpima kwa miezi 3 yoyote utakosea.

Na hata kombe halimlindi kocha: Chelsea walimfukuza Roberto Di Matteo Novemba 2012, miezi 6 tu baada ya kuwapa kombe la Ulaya.

Ninachokiamini mimi, katibu, usikasirike: timu inayofukuza kocha karibu kila mara inakuwa chini ya uwezo wake wa kweli. Mipira imegonga mwamba, kipa kaumia, mwamuzi kakunyima penalti. Bahati mbaya ya namna hiyo haidumu. Hata mngembakiza mzee wenu, baadhi ya hizo pointi zingekuja zenyewe. Na hizo mechi 6 mmecheza na nani, na wapi?

Katibu wa Chikongola

Nimefungua daftari sasa hivi. Mechi 4 nyumbani. Timu 3 kati ya hizo 6 ziko chini yetu kwenye msimamo. Nakiri sikuwahi kuliangalia hivi, na nadhani hakuna mjumbe wa kamati aliyeangalia.

Mkulima, Tandahimba

Nyote mnazungumzia kocha. Mimi nazungumzia korosho.

Timu ya kata yetu ilipata kocha mpya mwezi wa 10. Minada imeanza, watu wana hela, kila mwenye gunia anachangia. Wachezaji wanapewa nauli, baada ya mazoezi wanakunywa uji wenye sukari, siku ya mechi wanakula wali na samaki. Walishinda karibu kila mechi hadi Desemba. Kocha akawa mtu mkubwa, akipita sokoni wanamsimamisha.

Ikafika Machi. Hela ya korosho imeisha, mvua inanyesha, watu wako mashambani. Michango ikakauka. Kipa wetu akawa anatoka kulima moja kwa moja kwenda mazoezini, na kwao ni zaidi ya saa moja kwa miguu. Akaanza kukosa siku mbili, kisha tatu. Tukafungwa mechi 5. Kamati ikakaa, ikamfukuza kocha.

Nilikuwa kwenye kikao kile na nilinyoosha mkono kukubali. Mpaka leo najuta. Yule kijana hakubadilika chochote kati ya Desemba na Machi, sisi ndio tulioacha kutoa uji. Alikuja nyumbani kuniaga, akanishukuru. Sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo kabla hujamuuliza kama ataweza kuendeleza, jiulize wewe katibu: posho ya mwezi wa 3 iko wapi?

Mwalimu wa michezo, Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha timu ya wasichana. Nilipoichukua walikuwa wanafungwa mabao 6, 7. Mwaka wa kwanza tukashika nafasi ya pili kati ya shule za wilaya kwenye UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, na mkuu wa shule akanipongeza mbele ya wazazi.

Mwaka uliofuata tulitolewa mapema kabisa. Wasichana 7 kati ya 11 walikuwa kidato cha nne, wakamaliza shule, na mimi katika ile furaha sikuwa nimemwandaa hata mmoja wa kidato cha kwanza. Nililia ofisini, nasema ukweli. Nilichokifanya baadaye ni kidogo tu: kila mechi ya kirafiki lazima wacheze watoto 4 wa vidato vya chini, hata kama tunafungwa. Wazazi walilalamika. Mwaka wa tatu na wa nne hatukushuka tena, ingawa ile nafasi ya pili hatujaifikia. Mimi naihesabu hiyo kuwa kudumu.

Kaka katibu, yule mzee mliyeachana naye yuko wapi sasa?

Wa Lindi mjini

Tuangalie na Yanga 2024/25. Kocha Gamondi aliondolewa Novemba, akaja Ramovic, Februari naye akaenda Algeria, akamalizia Miloud Hamdi. Makocha 3 msimu mmoja na ubingwa wakachukua. Ukiwa na wachezaji na uongozi unaolipa, kocha anaweza kuondoka nyumba isibomoke. Sisi wa mchangani hatuna ukuta huo. Kwetu kocha ndiye mshauri, ndiye mweka bandeji, wakati mwingine ndiye anayeenda kumwombea mchezaji ruhusa kwa mama yake. Akiondoka yeye, vyote hivyo vinaondoka.

Timu yetu ilisita kama unavyosita wewe. Tukasema tumpime kwanza. Wenzetu wa kata ya jirani hawakumpima, wakamchukua. Usikawie sana.

Katibu wa Chikongola

Nimerudi baada ya siku nne. Ahsanteni sana, nimechapa majibu yenu na kuyasoma kwenye kikao.

Niliamua kumwambia mwalimu habari za wale vijana wawili wa nyonga. Hakukasirika. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Kumbe wananiogopa." Alhamisi imekuwa siku ya mapumziko kuanzia wiki hii, na wale wawili amewapumzisha.

Mkataba tumempa wa msimu mmoja kamili, na tumeandika tutakaa naye tena baada ya mechi za ugenini za mzunguko unaokuja, si kabla. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iandikwe hivyo. Kuhusu posho, tumefungua akaunti ya pembeni. Theluthi ya kila mchango wa msimu wa korosho inakaa humo hadi mwezi wa 3, na mweka hazina hawezi kuitoa bila sahihi yangu na ya mwenyekiti. Kulikuwa na kelele juu ya hilo, kikao kiliisha saa 4 usiku.

Na mwalimu wa Nachingwea, mzee nilimfuata nyumbani. Nilimkuta anabangua korosho barazani na mjukuu wake. Nilimwomba achukue vijana wa chini ya miaka 15. Alitaka mipira 4 na asiingiliwe. Jana kaanza, watoto 22 wamejitokeza.

Jumamosi tunacheza ugenini na wanaoongoza ligi, bila wale wawili.

Winga wa Masasi

Hata mkifungwa, wasirudi kabla ya wiki 3. Mimi nilirudi baada ya moja.